Uji wa Kwanza wa Muhiba

Kila jioni akitoka shuleni, Muhiba aliketi kizingitini mwa nyumba yao, mtaani Kaloleni, akasoma kwa sauti mpaka majirani wakaelimika bila kupenda. Mwaka ule Sayansi Kimu, elimu ya mapishi na kazi za nyumbani, lilikuwa somo jipya, na Muhiba alikuwa ameongoza darasa zima la saba. Basi maringo hayo! Hata kuku wa jirani walipewa habari.

Wiki moja mama yake akajifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya kwao, mzazi hutunzwa ndani siku arobaini, hashiki hata mwiko. Aliyekuwa akimpikia ni jirani yao, Mama Nduta, lakini Jumamosi alfajiri alikwenda Murang'a kumwona mamake mgonjwa. Baba naye alikuwa kazini kwenye reli.

"Uji nitapika mimi, Mama," Muhiba akasema. "Sayansi Kimu nimeimaliza!"

"Haya, mwanangu. Usisahau pilipili manga."

Maji yalipochemka, Muhiba akamimina unga mkavu wa wimbi kwa mpigo mmoja, kama alivyozoea kumwona Mama akisonga ugali. Akakoroga, wapi! Mabonge yakaelea juu, chini unga ukashika sufuria. Chumbani mtoto akaangua kilio. Mama, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana jioni, akaanza kuinuka huku akijishikilia ukutani.

Muhiba akamkimbilia. "Mama, rudi ulale, tafadhali! Nimeharibu, lakini usiinuke!" Machozi yakamtoka. "Na mtihanini niliandika vizuri tu: unga wa uji huvurugwa kwanza kwa maji baridi. Nikapewa alama zote!"

"Masikini mwanangu, alama haziliwi," Mama akasema, akacheka na kumfuta machozi. "Lete vikombe viwili. Hiki maji baridi, hiki ya moto. Tia unga kidogo kila kimoja, ukoroge."

Muhiba akafanya hivyo. Katika maji baridi unga ulilainika. Katika ya moto ukafanya vidonge. Akabonyeza kimoja, na ndani kilikuwa kikavu.

"Kumbe! Nje kunaiva upesi, maji hayafiki ndani!"

"Hilo sikukwambia mimi, umeliona mwenyewe. Nenda kapike. Siinuki."

Muhiba akarudi jikoni. Safari hii aliuvuruga unga kwanza, akaumimina polepole, akakoroga mpaka mkono ukamuuma. Akatia sukari na pilipili manga, akaonja, kisha akamletea Mama bakuli kwa mikono miwili.

Mama akanywa, mtoto akinyonya kifuani. Muhiba alisimama akimtazama, roho juu.

"Muhiba," hatimaye Mama akasema, "kitabu chako kilisema kweli, usikidharau. Lakini neno la kitabu ni mgeni mpaka mikono yako imkaribishe. Soma, mwanangu, kisha utende. Hapo ndipo elimu inakuwa yako."

Akamnyooshea bakuli tupu.

"Niongeze."