Tiketi ya Baba Yake Tumpale

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fauzia alimsaidia baba yake kupima magunia ya mchele dukani kwao, mjini Tunduma, mpakani na Zambia. Gunia likipungua hata kilo moja, yeye ndiye wa kwanza kushtuka. Tabia hiyo ya kupima ilimfuata hadi darasa la sita, na huko ikamponza.

Mwaka huo wa 2014, Mwalimu Felista aliwaagiza wanafunzi walete safari za kweli, kila moja na umbali na muda wake, wapige hesabu ya mwendo. Wengi walileta safari za basi za kwenda Mbeya. Tumpale, kiranja wao, alileta tiketi ya ndege ya baba yake. Mzee huyo alikuwa dereva wa lori, na tajiri wake alikuwa amemtuma Lusaka kupeleka hati za gari.

Fauzia aliikodolea macho tiketi ile. Tangu lini dereva wa lori akapanda ndege? Kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka ni kama kilomita 1,500 angani. Kwenda, ndege iliondoka saa nne asubuhi ikafika saa tano na nusu. Kurudi, iliondoka saa saba mchana ikafika saa kumi na nusu.

"Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa tatu na nusu, na njia ni ileile," alimnong'oneza Leah, jirani yake. "Hii imeghushiwa."

Kufikia mapumziko, darasa zima lilikuwa likimwita Tumpale mwongo, na wengine wakitaka avuliwe ukiranja. Tumpale alikaa peke yake, muhogo wake haujaguswa. "Baba hawezi kunidanganya," alisema. Lakini hata yeye alikuwa ameanza kuitilia shaka tiketi ile, na hilo ndilo lililomliza.

Kipindi kilipoanza, Mwalimu Felista aliisoma tiketi, kisha akamwita Fauzia mbele.

"Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akikupigia simu kwamba anakuja saa nne, unamjibuje?"

"Namwuliza, saa nne ya kwetu au ya kwenu?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu saa ya Zambia iko nyuma ya..." Fauzia akakwama.

"Endelea."

"Nyuma ya yetu kwa saa moja, mwalimu. Na Lusaka ni Zambia."

Akapewa chaki. Tiketi huandika kuondoka na kufika kwa saa ya mji wenyewe. Saa tano na nusu ya Lusaka ni saa sita na nusu ya Dar es Salaam, kwa hiyo kwenda kulichukua saa mbili na nusu. Saa saba ya Lusaka ni saa nane ya Dar es Salaam, kwa hiyo kurudi nako kulichukua saa mbili na nusu. Mwendo ulikuwa kilomita 600 kwa saa, kwenda na kurudi.

Fauzia aliona aibu, akaweka chaki na kumgeukia Tumpale. "Tumpale, nisamehe. Nimekusingizia wewe na mzee."

"Ungeniuliza," Tumpale alijibu akifuta macho. "Umenifanya nimshuku baba yangu mwenyewe."

Mwalimu Felista akamrudishia Tumpale tiketi yake.

"Kushuku si kosa," aliwaambia. "Hesabu ikikataa, ni lazima mtafute sababu. Lakini mteja msiyemjua mnamwuliza kwanza, na mwenzenu mmemhukumu bila kumwuliza hata swali moja."