Picha ya Ghorofani

Walikutana katika duka la vitambaa, siku ambayo wateja walikuwa wamefurika hadi mlangoni. Mwanamke alishika ncha moja ya jora la kitani nyeupe. Mwanamume akashika ncha ya pili.

"Kaka, hili nimeliona mimi kwanza."

"Dada, macho hayalipi."

"Basi vuta, tuone nani ataanguka."

Mwanamke alikuwa fundi cherehani, amevaa gauni la samawati aliloshona mwenyewe na kilemba cha zambarau kilichoshuka hadi masikioni. Mwanamume alikuwa mchoraji mwenye madoa ya rangi kwenye suruali. Kitani ile alitaka kuiwamba kwenye fremu. Mwenye duka akalikata jora katikati, nao wakatoka wakicheka, kila mmoja na namba ya simu ya mwenzake.

"Sindano, umelala?" mchoraji aliuliza kila jioni.

"Nimelala, Brashi. Anayekujibu ni jirani."

Mapenzi yalipokolea, fundi alikifungua kilemba mbele yake. Upande wa kushoto wa kichwa haukuwa na unywele. Ngozi ilikuwa imekunjamana kwa kovu la maji ya moto yaliyommwagikia utotoni. Mbali na mama yake, hakuna aliyewahi kuliona.

"Hii ni siri yetu sisi wawili," alisema.

Mchoraji alilibusu kovu lile. "Halitatoka kinywani mwangu."

Siku ya kuzaliwa ya fundi ilipofika, rafiki yake msusi alimpeleka mji wa jirani, kutembelea nyumba kongwe za matajiri wa zamani, ambazo sasa watu huingia kutazama samani na sanaa. Katika mojawapo mchoraji alikuwa amepewa ukumbi wa kuonyesha kazi zake. Walipoingia humo, simu ya fundi ikalia.

"Panda ghorofani, mpenzi. Zawadi yako inakusubiri."

Walipita kwenye milango ya nakshi na vioo vilivyofifia. Msusi alikibonyeza kitanda chenye mapazia. "Shoga, hapa mimi ningeamka kwa kufukuzwa!"

Ukumbini juu watu walikuwa wamezunguka picha moja kubwa. Fundi akajipenyeza, akajiona. Amekaa dirishani, kichwa wazi, kila mkunjo wa kovu umechorwa kwa makini.

"Maskini, alifanywa nini huyu?" mama mmoja aliuliza. Aligeuka, akamtazama fundi usoni, kisha kilemba chake, akamfinya mumewe.

"Shoga, ni wewe?" Msusi alimgeukia. "Miaka yote ninakuomba nikusuke, unasema kichwa kinauma. Kumbe mimi ni wa kuoneshwa pamoja na wapita njia?"

"Nigombeze kesho. Leo nitoe hapa."

Mchoraji aliwakuta kwenye ngazi, shati jeupe limenyooshwa vizuri, uso umejaa furaha. "Umeiona? Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile!"

"Uliniahidi."

"Niliahidi kutosema, na sijamwambia mtu hata neno." Alishangaa kweli; kwake yeye kuchora hakukuwa kusema. "Nilitaka uone ulivyo mzuri."

"Ninajua nilivyo. Nilichotaka ni kuchagua wa kuniona."

Kwa majuma mengi simu iliita bila kupokelewa. Hatimaye mchoraji alikuja kwenye chumba cha fundi cha kushonea, amekonda, kitani imeviringishwa kwapani. Aliilaza juu ya meza, na kando yake akaweka pete.

"Nimeitoa ukutani. Ichane, ichome, ni yako. Nisamehe, Sindano. Nikubalie nikuoe."

Fundi aliitazama pete ile. Moyo wake ulikuwa unamwendea mwanamume yule. Hilo hakuweza kulikana.

"Ukutani umeitoa," alisema polepole. "Machoni mwa wale watu utaitoaje?"

"Nipe muda."

"Nakupenda, Brashi, usije ukadhani sikupendi. Lakini tangu siku ile, kila ninapokufikiria, mkono wangu unakwenda kichwani kukaza kilemba. Nikiwa mkeo nitalala nacho, nitaamka nacho. Nitakuwa mgeni kwenye kitanda changu mwenyewe."

Fundi aliichukua pete, akaitia kwenye mfuko wa shati la mchoraji, akaulaza mfuko kwa kiganja kama mke anavyomtengeneza mumewe anapokwenda kazini. Kisha akamfungulia mlango.