Kiti Nilichomchagulia Mama

"Mamaaa!"

Hiyo sauti ni yangu, jamani. Mama yangu mzazi yuko sakafuni, mbele ya ukumbi mzima! Gurudumu la kiti chake limechomoka, linabingirika peke yake hadi miguuni kwa bosi wangu...

Nisikilizeni kwanza, matusi baadaye.

Nilikuwa kwenye kamati ya kupokea vifaa vya serikali. Kitu hakipokelewi stoo bila saini zetu sisi watatu. Wiki moja kabla, mzabuni alileta viti vya magurudumu sitini vya kugawiwa wasiojiweza, na mama yangu, aliyepooza miguu, alikuwa kwenye orodha. Kiti kimoja kilikuwa nje, kinang'aa. Vingine vyote vimefungwa kwenye maboksi.

"Mkuu, kaa ujaribu!" mzabuni akanikaribisha.

Nikakaa. Nikasukumwa stoo nzima, nacheka kama mtoto.

"Tusifungue na maboksi?" dada wa stoo akauliza.

"Dada, unataka tulale hapa? Vyote ni vilevile!" nikamjibu.

Tukasaini fomu: viti sitini, vyote vilevile, vizima. Sikuhongwa hata soda, wallahi. Uvivu tu.

Ila kabla ya kutoka, nikabandika karatasi nyuma ya kile kilichokuwa nje: "Cha mama yangu. Kisiguswe."

Kumbe yule mzabuni huzunguka na kiti hichohicho kizuri ofisi hadi ofisi! Nilipoondoka tu akakibeba, akatoa kingine kwenye boksi, na karatasi yangu akaihamishia huko.

Turudi ukumbini, siku ya kugawa viti. Watu wamemwinua Mama, wamemkalisha kwenye benchi, mkono umevimba. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akauliza:

"Viti hivi alivipokea nani?"

Nikaanza kurudi nyuma polepole.

"Si mwanangu huyu!" Mama akaninyooshea kidole, tena kwa fahari. "Huyu hasaini kitu kibovu. Ni mimi nimekaa vibaya."

Jamani... ardhi ingepasuka inimeze!

Mkaguzi akainama, akabandua ile karatasi, akaiweka kando ya fomu yangu.

"Mwandiko wako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kama vyote vilikuwa vilevile, mbona mama yako ulimchagulia chake?"

Siku zote nilijidanganya kwamba sikujua kuwa vya kwenye maboksi huenda ni vibovu. Nilijua!

Mama akaiomba karatasi. Akaisoma polepole, akaikunja, akaniangalia.

"Na wale wengine, mwanangu... wao hawana watoto?"

Kazi nimefukuzwa, na ni halali yangu. Mkono wa Mama umepona, na kiti kizima amepata. Ila nikitaka kumsukuma, ananizuia: "Acha tu, jirani anakuja."

Naona aibu hadi leo.

Wewe uliyeshika kalamu sasa hivi, fungua boksi! Usichoweza kumkalisha mama yako, usimsainie mama wa mwenzio.