Muhuri wa Dirisha la Rufaa

Kazi ya kwanza ya karani kila asubuhi ilikuwa kuzungusha tarehe ya muhuri wa kupokelea rufaa ili usome leo. Kwa siku ya tatu sasa, aliutoa kwenye droo aliyoifunga kwa ufunguo, akaukuta unasoma kesho. Tena droo yenyewe ilinuka vumbi la ukuta uliobomolewa.

Mfagiaji wa mahakama, mama wa makamo asiyejua kumung'unya maneno, alisogeza ndoo yake karibu.

“Ni yule mama wa mfuko wa nailoni,” alinong'ona. “Siku yake ya mwisho ya kuleta rufaa, ukamfungia dirisha.”

“Ilikuwa saa ya kufunga.”

“Ilikuwa bado robo saa, kaka. Ukamwambia njoo kesho. Kesho yake rufaa ikakataliwa, nyumba ikavunjwa, na yeye hakumaliza mwezi. Nenda ukawaombe radhi wanawe. Na huo muhuri utafutie watu wa kuusomea dua.”

Karani alicheka, kicheko cha mtu aliyebanwa. Watu walishambatiza Bwana Kesho, na jina lenyewe, Mungu amsamehe, lilimpendeza.

Siku hiyo alikuwa na lake. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa ananyang'anywa nyumba na mashemeji, na mwisho wa kupokea rufaa yake ulikuwa leo hii. Wiki nzima dada aliuliza, na wiki nzima alijibiwa, “Muhuri si ninao mimi? Wasiwasi wa nini?”

Saa tisa na robo, robo saa kabla ya kufunga, dada alipitisha karatasi dirishani.

“Gonga basi, mdogo wangu, nipumue.”

Akagonga. Kesho. Akarudisha tarehe nyuma, akagonga tena. Kesho. Akashika kalamu aandike kwa mkono, nayo ikaandika tarehe ileile. Akauzungusha muhuri kwa vidole, halafu kwa meno, wino ukimchafua midomo, vumbi likipanda kutoka kwenye droo mpaka likamkaba koo, na nyuma yake, katika chumba alimokuwa peke yake, kitu kikaanza kugonga kwa kucha, polepole, bila kuchoka, vilevile kama yule mama alivyogonga siku ile hadi walinzi wakamwondoa.

“Kuna nini?” dada alinong'ona. “Mbona umepauka hivyo?”

Alitaka kumwambia akimbilie kwa msajili, ghorofani, muda bado upo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Mkono wake ukainuka bila yeye kutaka, ukalishika bati la dirisha, ukalishusha.

“Njoo kesho,” alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Huko nje dada akaanza kugonga. Humo ndani, kucha zikanyamaza.