Nani Amekipasua Kioo?

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Msafi, na jina hilo halikumdondokea tu. Ni dereva wa teksi, na gari lake linang'aa kuliko sahani zangu. Akirudi mchana kula, analiosha kwanza. Kila Jumapili analipaka polishi. Mimi ni fundi cherehani. Hushonea barazani huku nikimtazama, na sioni haya kusema kwamba namwonea fahari.

Tuna binti mmoja. Naye anapenda usukani kama baba yake. Mwezi uliopita alipata leseni. Shule ya jirani ilikuwa inatafuta dereva wa basi la watoto, binti akaomba kazi hiyo. Wakamwambia, "Jumatatu ulete barua ya mtu anayeujua uendeshaji wako." Mtu huyo angekuwa nani kama si baba yake, aliyemfundisha?

Jumamosi Msafi alimpa ufunguo aendeshe peke yake kwa mara ya kwanza. Binti akampeleka bibi yake kliniki na kumrudisha salama. Saa sita akaliegesha gari uani, juani. Muda si muda Msafi akatoka. Akachota ndoo ya maji ya baridi kwenye pipa lililo kivulini, akalimwagia gari, akaja kula.

Hata hatujamaliza chakula, tukasikia, "Ta!"

Tulitoka sote. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa. Ulianzia chini, ukapanda mpaka mbele ya macho ya dereva. Uani hapakuwa na mtu wala jiwe. Hata kuku hakuwepo.

"Umegonga nini wewe?" Msafi akamuuliza binti.

"Sikugonga kitu, Baba. Kimepasuka."

"Kimepasuka! Mimi nimeendesha miaka kumi na tisa, hakijapasuka. Wewe umeendesha asubuhi moja, kimepasuka. Kioo hiki kimepasuliwa."

"Muulize Bibi. Hata tuta nililipita taratibu mpaka akasinzia."

"Bibi yako hata ukiangusha nyumba atasema ni upepo. Lete ufunguo."

Binti akampa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ile barua?"

"Nitaandikaje kwamba wewe ni mwangalifu, na ushahidi uko hapa uani?"

Binti hakulia. Alisimama wima, akasema, "Baba, ningegonga ningesema. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema." Moyo uliniuma. Nilimwamini mwanangu, lakini sikuwa na la kuonyesha. Basi nikavaa kandambili, nikaenda kumwita Mama Vioo.

Mama Vioo ni jirani yetu. Kazi yake ni kufunga vioo vya magari, na madereva humfuata kutoka mbali. Alikuja na kisanduku chake cha vifaa.

"Shemeji," akamwambia Msafi, "sauti yako ilifika kwangu kabla ya mkeo."

Hakutazama ufa wote. Aliufuata kwa kidole mpaka unapoanzia, akainua waipa.

"Pitisha ukucha hapa."

Msafi akapitisha. Ukucha ukakwama. Palikuwa na mahali palipomeguka, padogo kama punje ya mtama. Waipa ilikuwa imepafunika.

"Mama Cherehani, niazime sindano."

Nikampa. Akachokoa pale palipomeguka. Ukatoka unga mweupe, mkavu. Akaupaka kwenye kiganja cha Msafi.

"Nini hiki, shemeji?"

Msafi akanusa. "Polishi."

"Uliipaka lini?"

"Jumapili."

"Na binti ameendesha lini?"

Msafi akafuta kiganja kwenye suruali. Mama Vioo akajibu mwenyewe: "Leo. Basi pengo hili lilikuwepo kabla binti hajashika usukani peke yake."

Msafi akakuna kichwa. Akakumbuka. Wiki mbili nyuma alikuwa nyuma ya lori la kokoto, akasikia kitu kimegonga, "ti!" Alisimama akatazama kioo, asione kitu.

"Lakini kama ni siku zile," akauliza, "kwa nini kipasuke leo, gari limesimama?"

"Kioo cha mbele ni vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, katikati kuna utando wa plastiki," Mama Vioo akaeleza. "Ndiyo maana hakikumwagika chini. Kokoto ilimegua kipande cha nje. Leo kimekaa juani, kimepata moto na kutanuka. Umekimwagia maji ya baridi, kikasinyaa ghafla. Kinapovutwa hivyo, kinaachia pale palipo dhaifu."

Hapo nikaelewa. "Ni kama kitambaa," nikasema. "Kizima hakichaniki ovyo. Ukikikata kidogo tu pembeni kisha ukavuta, kinakwenda chote."

"Hasa! Na wengi huniambia kimepasuka chenyewe. Lugha yetu nayo inatupa pa kujificha. Tunasema chungu kimevunjika, maji yamemwagika, na aliyemwaga hatajwi. Mara chache kosa ni la kiwanda au la aliyefunga kioo. Mara nyingi ni jiwe, jua na maji."

Msafi aliitazama ndoo yake. Kisha akamgeukia binti, mbele yetu sote.

"Nimekipasua mimi," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Nimeolewa naye miaka ishirini na miwili, na sikuwahi kumpenda kama dakika ile.

Mama Vioo hakutuacha hivihivi. Gari lenye ufa mbele ya macho ya dereva halifai kuendeshwa, akasema, kioo kibadilishwe. Pengo dogo likiwahiwa, kabla halijaingia vumbi na polishi, huzibwa kwa gundi maalumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, ila sikujua kama inahusu na magari. Akamwambia Msafi aoshe gari likiwa kivulini na limepoa, akae mbali na malori ya kokoto, na kila wiki ainue waipa apitishe ukucha.

Kioo kipya kilifungwa Jumapili, gari likakaa bila kuguswa mpaka gundi ilipokauka. Jumatatu binti alipeleka barua. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Iliandikwa hivi: "Binti yangu ni dereva mwangalifu na msema kweli. Nilimsingizia kupasua kioo, kumbe nilikipasua mimi." Mwalimu mkuu akasema hajawahi kuona barua ya namna hiyo, na akampa kazi.

Sasa binti yangu anaendesha basi la watoto arobaini. Mwezi wa kwanza tu, ukucha wake ulikwama kwenye kioo. Alimwita Mama Vioo asubuhi ileile, pengo likazibwa, basi likaendelea na safari zake. Likipita hapa anapiga honi mara moja. Mimi naacha cherehani nasimama, na asiyemjua namwambia, "Yule ni wangu."

Na nyumbani kwetu lugha imebadilika. Jana nilisikia kitu kimeanguka jikoni. Nikangoja. Sauti ya Msafi ikaja, nzito, ya mtu mzima.

"Mke wangu, nimevunja kikombe."