Majina Ishirini ya Mtaa wa Chini

Maji yalikuwa yamekatika mtaani Bellevue, siku ya tatu sasa, ndoo zote kavu. Lakini ukuta wa chumba cha Zuhura ulikuwa umelowa. Mstari mmoja tu, umenyooka kama umepigwa rula, usawa wa kifundo cha mguu. Pembeni yake namba: 1342.

"Eish, mama, ukuta unanuka samaki," alisema Duni, binti yake wa miaka saba.

Zuhura akafuta kwa kanga. Namba ile aliijua.

Aliisoma kwenye kitabu cha Bi Irmgard, mzee wa Kijerumani ambaye Zuhura alikuwa akimhudumia katika nyumba ya mbele. Bibi alikuwa haoni tena, ndiyo maana alimfundisha Zuhura kusoma, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, herufi moja moja, kwa kitabu hichohicho cha mji aliozaliwa. Mji uko pale mito miwili inapokutana. Matajiri walijenga juu mlimani, watengeneza ngozi wakabaki mtaa wa chini, ukingoni. Kila mafuriko yakija, watu wanachora mstari ukutani na kuandika mwaka. Mwaka 1784 barafu ilivunja daraja, mto ukapanda, na wa mlimani wakafunga geti. Watu ishirini wa mtaa wa chini walikufa wakiligonga.

"Babu zangu ndio waliofunga," bibi alimwambia. "Kwa hiyo kila mwaka tunawasoma kwa majina. Wote."

Mwaka huu Zuhura alikuwa na haraka zake. Alisoma majina kumi, akafunga kitabu.

"Na Anna? Yule mtoto wa mwisho?"

"Nimeshamsoma, bibi."

Wiki ileile bibi akafa. Zuhura akakichukua kitabu, kitabu chake cha kwanza maishani, akakiweka chini ya mto wake wa kulalia.

Siku ya nne mstari ulifika magotini: 1595. Duni akaanza homa. Siku ya tano, alasiri, jua kali nje, mstari ulikuwa juu ya kitanda cha mtoto, na mtoto anakohoa maji ya matope. Zuhura akampigia Mselem, mganga wa Kitanga anayeuza ubani mtaa wa Hillbrow. Akaja mbio, akaweka sikio ukutani.

"Dada, umewafanya nini hawa?" alinong'ona. "Wako wengi. Wanagonga."

"Niliruka majina yao, kaka. Nikamdanganya bibi asiyeona."

"Basi wamalizie. Ila sikiliza: yeyote akiitika, usimjibu. Ukimjibu umemkaribisha."

Zuhura akafungua kitabu, kidole chini ya herufi, akasoma Jakob, akasoma Barbara, akasoma Veit, na kila jina ukuta unagongwa mara moja, harufu ya ngozi mbichi inajaa chumbani mpaka Mselem anaziba pua, maji yanashuka kidogo, yanashuka tena, na yeye anasoma bila kukosea hata herufi moja, anasoma kama hajawahi kusoma, machozi yanadondoka kwenye karatasi, mpaka limebaki jina moja.

"Anna."

Ukuta ukakauka. Kimya.

"Duni?" Mtoto hakuitika. Kifua hakipandi. "Duni! Duni mwanangu!"

Mselem akamshika mkono mtoto, akauachia taratibu. "Pole, dada. Tumechelewa."

Zuhura akaketi kitandani. Akamwangalia mtoto muda mrefu, midomo ya bluu, nywele zinachuruzika maji. Halafu akainama kwenye sikio lake, akanong'ona kama mwizi:

"Anna?"

Kifua kikapanda.

"Abee."

Sauti ilikuwa ya Duni. Macho yaliyofunguka yalikuwa yanashangaa dari, taa, kila kitu.

"Zuhura, usijibu!" Mselem alikuwa ameshafika mlangoni. "Huyo siye! Nakuomba, usijibu!"

Zuhura akamfuta mtoto maji usoni kwa kanga.

"Amka ule, mwanangu," alisema.