Kitendawili cha Mawe ya Brugge

Kweli tupu hii, na asiyeamini akayaulize mawe yenyewe: Mzee Mbelwa aligonga jiwe la barabara kwa fimbo, na jiwe likatembea. Yaani lilitoa mwendo, ko-ko-ko, wa viatu vya mbao vya muuza jibini aliyepita hapo kando ya mfereji miaka mia tano nyuma.

Fimbo hiyo iliitwa kisomanyayo. Kila hatua huacha mtikisiko ndani ya jiwe, kama sauti kwenye santuri, nayo fimbo huusoma. Ukiionyesha mwendo wako, itakutafutia hata nyayo ulizoacha ujanani. Nakiete, binti ya Mbelwa na mkewe, anayeishi katika mji huu wa Brugge, Ubelgiji, ndiye aliyewaazima.

"Haya, Baba Nakiete," alisema mkewe, Bi Namkunda. "Barabara yako ndiyo hii. Nisikie ulivyokimbia kumwokoa mbwa wa meya."

Miaka arobaini Mbelwa alikuwa akisimulia kwamba kabla ya harusi yao aliishi hapa miezi mitatu, mabata maji wakimjua kwa jina.

"Mawe haya wameyabadilisha."

"Ya muuza jibini wameyaacha, ya kwako wakayang'oa?"

Hakuwa na pa kutokea. Akatembea hatua kumi. Fimbo ikasema kwa Kiswahili safi, bila haya: "Nyayo hizi zimefika hapa leo."

Bata maji akapita mferejini. Hakumsalimu.

Bi Namkunda hakununa. Alimshika kiganja, akakifungua.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu kwa sauti ndogo.

"Mchumba wangu kaniletea ujumbe: 'Niko mferejini, nakukumbuka.' Karudi na malengelenge mikono yote miwili. Mfereji gani huo?"

Jibu alilijua. Ulikuwa mfereji wa kumwagilia tangawizi kule Gonja, alikochimba kwa jembe ili apate mahari ya kumwoa Bi Namkunda. Brugge aliiona tu kwenye picha ya kopo la biskuti. Kumbe mkewe alijua tangu siku ile ya malengelenge, na kila mara hadithi ilipoanza alimsogezea chai na kusikiliza.

"Nimeshindwa," alisema.

"Nipe mji basi."

Mbelwa akatazama nyumba za matofali, madaraja, maji ya kijani.

"Chukua huu. Na mabata yake."

"Nimepokea. Nilipokwenda Brugge nilimkuta mzee mwongo, nikauzunguka mji wangu wote naye kwa miguu." Akamnyang'anya fimbo. "Tembea, Baba Nakiete. Mawe nayo yapate la kusema."